Kuanzishiwa Uchungu: Uliza Kwanza, Kisha Amua



Somo letu la leo ni la akina mama waja wazito. Lakini akina baba nao walisome, maana mimba si ya mama peke yake.

Mama mjamzito anakwenda kliniki. Tumbo limekuwa kubwa na siku zimekaribia. Anapimwa, kisha anaambiwa: "Mama, itabidi tukuanzishie uchungu." Anarudi nyumbani kuaga. Mama mkwe anamwambia: "Mwanangu, mtoto huja kwa siku yake. Usikubali." Jirani anamwambia: "Kubali, shoga, upumzike na huo mzigo." Mume yuko shambani, bado hajaulizwa. Mama huyu afanye nini?

Jibu la haraka halipo. Kukubali pasipo sababu kunaweza kumdhuru mtoto. Kukataa penye sababu kunaweza kuwaua mama na mtoto. Kabla ya kuamua, mama na mumewe wajue mambo matatu: mimba ina wiki ngapi, sababu ni ipi, na kazi hiyo itafanyika mahali gani.

KUANZISHIWA UCHUNGU NI NINI?

Kwa kawaida uchungu huanza wenyewe. Mlango wa kizazi hulainika, mfuko wa uzazi hukaza na kulegea, na mtoto husukumwa nje. Kuanzishiwa uchungu ni kuufanya uanze kabla haujaanza wenyewe.

Waganga wana njia kadhaa. Wanaweza kuweka kwenye mlango wa kizazi mpira mwembamba wenye puto dogo la maji, ili mlango ufunguke polepole. Wanaweza kutoa dawa ya vidonge. Wanaweza kupasua chupa, au kumwekea mama dripu yenye dawa ya kuongeza uchungu. Kazi hii yaweza kuchukua siku nzima, hata siku mbili. Mama asishangae wala asidhani kwamba ametupwa.

JAMBO LA KWANZA: MIMBA INA WIKI NGAPI?

Mimba hudumu kama wiki 40, yaani siku 280. Huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37, huyo ni njiti. Mapafu yake huenda bado hayajakomaa. Hupata baridi upesi, na kunyonya humpa taabu. Hata mtoto wa wiki 37 au 38 huweza kupata shida ya kupumua kuliko yule wa wiki 39 au 40. Wiki mbili tumboni si kitu kidogo.

Kuhesabu si kazi ngumu. Chukua tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ongeza siku 7. Kisha rudi nyuma miezi 3. Tuseme hedhi ya mwisho ilianza tarehe 5 Juni. Ongeza siku 7, unapata 12 Juni. Rudi nyuma miezi 3, unapata 12 Machi ya mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo siku ya kutazamia. Wiki 37 zinatimia tarehe 19 Februari. Wiki 41 zinatimia tarehe 19 Machi.

Hesabu hii hutegemea mama kuikumbuka tarehe. Kwa hiyo, dada zetu, andikeni siku zenu. Anayejua kuandika tarehe tayari ana chombo cha kumlinda mtoto wake. Nenda kliniki mapema, kabla mimba haijafika wiki 12, na tarehe iandikwe kwenye kadi. Picha ya tumbo iliyopigwa mwanzoni mwa mimba husaidia sana kujua wiki. Picha iliyopigwa mwishoni huweza kukosea kwa wiki mbili au tatu. Na ukubwa wa tumbo peke yake hauthibitishi wiki.

JAMBO LA PILI: SABABU NI IPI?

Ziko sababu za kweli. Hizi ndizo kubwa:

1. Kifafa cha mimba kinanyemelea. Presha ya mama imepanda kufika 140 kwa 90 au zaidi, na mkojo una protini. Dalili za hatari ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, na maumivu juu ya tumbo chini ya kifua. Huu si uchawi. Huu ni ugonjwa, na tiba yake ya mwisho ni mtoto na kondo la nyuma kutoka. Mimba ikiwa imefika wiki 37, kungoja hakuna faida. Mama akiwa na dalili kali, hata kabla ya wiki hizo madaktari huenda wakaamua mtoto atolewe, maana mama akifa mtoto naye yumo hatarini.

2. Chupa imepasuka na uchungu hauji. Mimba imekomaa, maji yametoka, lakini mama hasikii uchungu. Chupa ikishapasuka, vijidudu hupata njia ya kuingia. Kadiri saa zinavyopita ndivyo hatari ya homa kwa mama na mtoto inavyoongezeka.

3. Siku zimepita. Mimba ikizidi wiki 41, kondo la nyuma huweza kuchoka na kushindwa kumlisha mtoto vizuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama aanzishiwe uchungu kama ni hakika kwamba wiki 41 zimetimia. Kabla ya hapo, kama mama na mtoto ni wazima, shirika hilo halikushauri. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya tafiti za akina mama zaidi ya 21,000. Waliona kwamba mimba ilipokwisha kukomaa, vifo vya watoto vilikuwa vichache kwa mama walioanzishiwa uchungu kuliko kwa waliongoja. Hatari ya kungoja kwa mama mmoja mmoja ni ndogo, lakini ipo.

4. Ugonjwa mwingine wa mama au wa mtoto. Kwa mfano, kisukari kisichotulia, mtoto asiyekua tumboni, au mtoto aliyefia tumboni.

Ziko pia sababu zisizotosha. Kuchoka si sababu ya kutosha. Mavuno kukaribia, au mume kutaka kusafiri, si sababu ya kutosha. Kukisia kwa mkono kwamba "mtoto ni mkubwa" si sababu ya kutosha ikiwa peke yake. Kliniki kutaka kumaliza kazi kabla ya sikukuu si sababu kabisa.

Sasa mama mkwe anaposema mtoto huja kwa siku yake, anasema kweli kwa mama mzima na mtoto mzima. Lakini presha ikipanda, au maji yakitoka, maneno hayo hayafai tena. Mheshimu mama mkwe, mweleze sababu, na ikiwezekana nenda naye kwa mganga asikie mwenyewe.

JAMBO LA TATU: KAZI ITAFANYIKA WAPI?

Uchungu wa dawa huweza kuwa mkali kupita kiasi. Mapigo ya moyo ya mtoto huweza kushuka. Mara chache mfuko wa uzazi huweza kupasuka. Ndiyo maana kazi hii ifanyike palipo na uwezo wa kumpasua mama haraka na kumwongezea damu. Kwa wengi wetu hapo ni hospitali, au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Si zahanati, na si nyumbani.

Mama akishapewa dawa, asiachwe peke yake. Mkunga apime uchungu, asikilize moyo wa mtoto, na aandike anachokiona.

Kama uliwahi kujifungua kwa upasuaji, sema mapema, hata kama hujaulizwa. Kovu la mfuko wa uzazi huweza kuachia. Dawa ya vidonge ya kuanzisha uchungu haimfai mama mwenye kovu hilo. Sema pia kama umezaa mara nyingi, tuseme mara tano au zaidi. Na kama mtoto amelala kingamo, au kondo la nyuma limeziba njia, uchungu usianzishwe. Mama huyo huhitaji upasuaji.

HATARI YA VIDONGE VYA MKONONI NA DAWA ZA MITI

Jambo hili tulitilie mkazo. Dawa ya misoprosto hutumika kuanzisha uchungu, na pia kuzuia damu isitoke nyingi baada ya kuzaa. Ni dawa moja, lakini vipimo ni viwili mbalimbali. Kidonge cha kawaida kina maikrogramu 200. Kipimo cha kuanzisha uchungu ni maikrogramu 25 kwa mara moja, yaani sehemu moja tu ya nane ya kidonge. Anayemeza kidonge kizima akiwa bado na mtoto tumboni amekunywa mara nane ya kipimo. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka akiwa nyumbani, mbali na msaada. Usinunue dawa hii dukani ili kuharakisha uchungu, na usikubali kupewa na mtu yeyote nyumbani.

Dawa za miti za kuongeza uchungu nazo hazina kipimo. Hakuna ajuaye kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani. Kama ulikwisha kunywa, mwambie mkunga bila aibu. Akijua, atajihadhari asikuongezee dawa nyingine juu yake.

MASWALI YA KUMWULIZA MGANGA

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa. Kuuliza si utovu wa adabu. Uliza hivi:

"Daktari, ni kwa sababu gani mnataka kunianzishia uchungu?"
"Kwa hesabu yenu, mimba yangu ina wiki ngapi? Mmejuaje?"
"Nikingoja siku chache, hatari ni ipi kwangu na kwa mtoto?"
"Mtatumia njia gani? Isipofaulu, mtafanya nini?"
"Upasuaji ukihitajika, utafanyika hapa hapa?"

Ukishaelewa, amua pamoja na mwenzako. Lakini kama kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, usipoteze siku kumngoja mume arudi safarini. Hapo mama aamue mwenyewe, na jamaa wamsaidie kufika hospitali.

UKIKUBALI, NA UKITAKA KUNGOJA

Ukikubali, nenda na kadi yako, nguo, kanga safi, chakula, na mtu wa kukusindikiza. Pawepo na ndugu walio tayari kutoa damu. Hospitali nyingine zina nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua. Anayekaa mbali na aulizie.

Ukitaka kungoja, mwambie mganga. Mpange siku za kurudi kupimwa presha, mkojo na mapigo ya mtoto. Kungoja si kujificha. Anayengoja huku anapimwa yuko salama kuliko anayekimbia kliniki kwa woga. Na usingoje hata saa moja ukiona dalili hizi: damu inatoka, maji yametoka, mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma sana, una homa, au unapata degedege.

TUJARIBU PAMOJA

Mama wa kwanza ana wiki 38. Presha ni nzuri na mtoto anacheza. Amechoka, anataka uchungu uanze kabla ya mavuno. Huyu angoje.

Mama wa pili ana wiki 38 pia. Presha ni 160 kwa 110, na kichwa kinamwuma tangu jana. Huyu aende hospitali leo hii. Akiambiwa aanzishiwe uchungu, akubali.

Mama wa tatu anaambiwa kliniki kuwa siku zimepita. Hakumbuki tarehe ya hedhi, na hajapigwa picha mwanzoni. Huyu aulize wiki zimejulikanaje. Mtoto apimwe vizuri hospitalini kwanza, ndipo waamue.

Tazama mama wa kwanza na wa pili. Wiki zao ni sawa, lakini uamuzi si sawa. Kilichowatenganisha ni sababu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Hedhi ya mwisho ya mama ilianza tarehe 1 Januari. Siku ya kutazamia ni ipi?
2. Taja sababu mbili za kweli za kuanzishiwa uchungu, na mbili zisizotosha.
3. Kwa nini ni hatari kumeza kidonge cha kuanzisha uchungu nyumbani?
4. Kijijini kwetu, mama akihitaji kufika hospitali usiku, tutatumia usafiri gani? Nani atalipa? Tupange sasa.

Jibu la swali la kwanza: tarehe 8 Oktoba.