Programu Iliyochelewa: Tuongeze Watu?

Swali: Bwana Mtaalamu, afisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Ganjoni, Mombasa, iliajiri vijana watatu watutungie programu ya kufuatilia makontena na ankara za wateja. Muda wa ahadi umepita, kazi haijaisha. Je, tukiongeza watatu wengine itamalizika upesi?

Jibu: La, bwana, aghalabu itazidi kuchelewa. Frederick Brooks, aliyesimamia utungaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM huko Marekani, aliyabainisha haya katika kitabu chake cha mwaka 1975, na sababu ni dhahiri: wageni hawana budi kufundishwa na wale wale wenyeji ambao wakati wao ndio uliokuwa adimu, na ilhali watu watatu wana njia 3 tu za kushauriana, sita wana 15. Mpagazi wa bandari ya Kilindini hana haja ya kujua mwenziwe amebeba nini; mtunzi wa programu asipojua, ankara hazitaafikiana na makontena.

Afadhali mpunguze matakwa. Waulizeni makarani ni ukurasa upi waufunguao kila asubuhi, nao ukamilishwe kwanza. Ripoti za mapambo (na hizi, naona, ndizo huwapendeza wakubwa) zingoje. Wala msipime ujira kwa wingi wa mistari ya programu, kwani fundi hodari huenda akashinda kutwa akiifuta, na programu ikatengenea. Fauka ya hayo, wekeni akiba ya marekebisho, maana Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipouacha Simba, mfumo wa forodha wa mwaka 2005 uliotokana na ule wa Senegal, ikaingia katika mfumo mpya wa iCMS, programu iliyotungwa kuufuata ule wa kwanza haikufaa tena bila ya kurekebishwa.