Rangi ya Pikipiki: Chagua kwa Kazi, Usichague kwa Macho

Mkulima, leo jioni pikipiki yako ikiisha kupoa, chukua tochi uikague. Tazama chini ya kiti, ndani ya madigadi, na pale keria inapokazwa kwenye fremu. Ukiona rangi imefura malengelenge, au alama nyekundu zimetiririka kutoka penye nati, jua kwamba kutu imeanza kula chuma. Usiseme, "Nitaipaka rangi siku nikipata fedha za mapambo." Rangi si pambo. Rangi ni koti la chuma, na koti likitoboka mwenyewe huugua.

Wengi wetu twakitegemea chombo hiki. Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT katika pikipiki ndogo, zimefika hata mashamba ya ndani ya Shimba Hills. Pikipiki ndiyo hupeleka machungwa na maembe sokoni, ndiyo huleta mbolea, ndiyo humkimbiza mama mjamzito hospitali ya Msambweni usiku wa manane. Fremu iliyoliwa na kutu huvunjika siku ya mzigo mzito, wala haipigi hodi.

Somo la mwezi huu ni namna ya kuchagua rangi ya kuipaka pikipiki upya nyumbani. Watu wengi huingia dukani wakachagua kwa macho: nyekundu hii yang'aa, buluu ile yapendeza. Hilo ni jambo la mwisho. Kwanza chagua aina ya rangi inayofaa kazi, ndipo uchague sura yake.

MAADUI WA CHUMA PWANI

Adui wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba kutoka Diani hadi Gazi na Msambweni, ukaipaka juu ya kila kitu. Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ukipaka rangi juu ya chumvi, umeifungia ndani. Itaendelea kuvuta maji chini ya rangi, na baada ya miezi michache rangi itafura na kubanduka. Wenye kuchukua samaki kutoka Gazi au Shimoni wana shida zaidi, maana maji ya samaki hudondoka moja kwa moja juu ya keria na madigadi. Wenye kuchukua mbolea ya chumvichumvi wasijidhani wamesalimika. Mbolea hiyo nayo hula chuma vivyo hivyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha. Tumia sabuni na maji baridi mengi, yaani maji yasiyo na chumvi. Ikiwa kisima chako kina maji ya chumvichumvi, kama visima vingi vya karibu na pwani, usikitumie kwa kazi hii. Tumia maji ya mvua au ya mfereji.

AINA TATU ZA RANGI

Ya kwanza ni rangi ya mafuta, yaani enameli. Ni ile ile inayopakwa milango ya chuma na madirisha. Huchanganywa na tapentaini, hupakwa kwa brashi, na hukauka polepole. Iache usiku kucha kabla ya kupaka mkono wa pili. Kukomaa hasa huchukua majuma matatu au manne.

Ya pili ni ile ambayo mafundi huiita NC. Hukauka kwa dakika chache, maana thina yake hupaa upesi. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliiuza kwa ajili ya magari miaka ya 1920 kwa jina la Duco, na viwanda vikaacha kungoja majuma mengi rangi ikauke. Lakini kwetu sisi ina kasoro mbili. Petroli ikimwagika juu yake huilainisha. Na ikipulizwa siku yenye unyevu mwingi huota ukungu mweupe. Rangi nyingi za makopo ya kupuliza nazo hulainika kwa petroli.

Ya tatu ni 2K. Huja kwa makopo mawili: rangi yenyewe, na dawa ya kuikazia. Vikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, hukaza kabisa hata petroli haiidhuru. Ndiyo bora kwa tangi. Lakini dawa ile ya kukazia ina kemikali ziitwazo aisosayaneti. Ukivuta mvuke wake wakati wa kupuliza, waweza kupata pumu, na mtu akiisha kuathirika, hata kiasi kidogo sana baadaye humfungia pumzi. Kitambaa cha puani hakizuii. Fundi wa kweli hufanya kazi katika chumba maalumu, akivaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Basi usipulize 2K nyumbani kabisa, wala nyuma ya jiko, wala chini ya mwembe watoto wakitazama.

JARIBU RANGI YA ZAMANI

Rangi mpya lazima ipatane na ya zamani. Chukua kitambaa cheupe, kichovye katika thina ya NC, ukisugue mahali pa siri, kwa mfano chini ya kiti. Rangi ikiyeyuka na kukipaka kitambaa, ni NC au ya kopo la kupuliza. Ikijikunja kama ngozi ya maziwa, ni enameli. Isipofanya lolote, ni rangi ya kiwandani au 2K.

Kumbuka kanuni hii: usipake NC wala 2K juu ya enameli. Thina zake kali zitapenya chini na kuikunja yote, na fedha yako imekwenda. Kadhalika ile praima nyekundu ya chuma iuzwayo kwa ajili ya mageti, nyingi yake ni ya mafuta, basi inafaa chini ya enameli tu.

SHAURI LETU

Fremu, keria, stendi na madigadi ya chuma, paka mwenyewe nyumbani kwa praima ya chuma na enameli, kwa brashi. Haitang'aa kama ya kiwandani, lakini itakinga chuma, na kila mwaka utaweza kuziba mikwaruzo kwa kopo lilo hilo. Nusu lita ya praima na nusu lita ya enameli hutosha, maana lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja.

Tangi, ikiwa rangi yake ya kiwandani bado ni nzima, usiiguse. Ikiwa imeharibika, mpelekee fundi wa 2K mwenye vifaa tulivyovitaja. Asipopatikana, lipake enameli, uliache likomae majuma matatu kabla ya kulitumia, na kila petroli inapomwagika uipanguse papo hapo.

Vipande vya plastiki huhitaji praima yake ya plastiki, la sivyo rangi itabanduka kama magamba. Kuviosha tu ni rahisi zaidi. Ekzosi huhitaji rangi maalumu ya kustahimili moto. Enameli itaungua siku ya kwanza. Mapezi ya injini yaache, maana rangi nene huzuia joto kutoka. Usipake kamwe diski za breki wala mnyororo.

NAMNA YA KUPAKA

1. Ikiisha kuoshwa na kukauka, futa grisi yote kwa kitambaa chenye tapentaini.
2. Kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa namba 80 au 120 mpaka chuma king'ae. Malizia kwa msasa namba 240, ukichovya majini ili vumbi lisiruke. Osha tena, kausha vizuri.
3. Paka praima siku hiyo hiyo. Chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja tu Pwani, asubuhi kina kutu mpya.
4. Kesho yake sugua praima kidogo kwa msasa namba 400, futa vumbi, kisha paka enameli mikono miwili myembamba. Mkono mmoja mnene hutiririka, na ndani haukauki.

Chagua majira. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndizo siku njema. Masika yakiingia, ngoja. Hata siku za ukavu, anza kama saa nne asubuhi umande ukiisha kukauka, umalize kabla ya saa tisa. Wakulima wa Lukore na Mkongani, ambako ukungu hukawia vilimani, wasiharakishe asubuhi.

HADHARI NYUMBANI

Mvuke wa petroli na wa thina hushika moto ukiwa mbali na chombo chake. Ng'oa tangi ukaliweke mbali. Fanya kazi nje, mbali na jiko, taa ya mafuta na sigara. Usichomelee tangi lililokuwa na petroli, hata likionekana tupu. Usitie thina wala tapentaini katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Vitambaa vyenye enameli usivirundike pembeni, maana huweza kujichemsha na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

SASA SURA YA RANGI

Nyekundu nyingi hupauka upesi katika jua letu, na nyeusi hupata joto jingi. Rangi nyeupe au ya manjano huonekana mbali jioni, na katika barabara ya Lunga Lunga kuonekana ni uhai. Lakini rangi ya pikipiki imeandikwa katika logbuku. Ukiibadilisha, sharti uarifu NTSA ili maandishi yabadilishwe. Tena usisugue wala kufunika kwa rangi nene namba iliyogongwa kwenye fremu. Namba hiyo isiposomeka, utaulizwa maswali barabarani na majibu yatakuwa magumu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni pamoja nyumbani, kisha mwulizane:

1. Kwa nini rangi hufura ikipakwa juu ya chumvi?
2. Ni rangi ipi isiyopulizwa nyumbani, na kwa sababu gani?
3. Umesugua kitambaa chenye thina na rangi ya zamani imejikunja. Utanunua rangi gani?
4. Je, maji ya kisima chako yanafaa kuoshea chuma kabla ya kupaka?

Anayeweza kuyajibu yote manne, na aende dukani. Asiyeweza, na alisome somo tena kabla ya kufungua mkoba.