Bei ya Chatu wa Rangi Imeanguka: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mwaka 1992 mfugaji wa Kimarekani, Bob Clark, alizalisha chatu mpira albino na kuthibitisha kwamba rangi ile inarithiwa. Makinda wa mwanzo waliuzwa takriban dola 7,500 kila mmoja. Leo albino wa namna hiyohiyo anapatikana kwa chini ya dola 200, na mwenye rangi ya kawaida kwa chini ya dola 50. Nyoka hajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi yake.

Chatu mpira, Python regius kwa jina la kisayansi, ni chatu mfupi anayejikunja donge akiogopa. Kwao ni Afrika Magharibi na Kati, na kwa miaka mingi Ghana, Togo na Benin ndizo zilizomsafirisha nje kwa wingi. Soko la rangi zake liko Marekani na Ulaya. Orodha hii ni ya Mswahili anayeishi huko, mwenye chumba kitupu na akiba kidogo, aliyesikia kwamba nyoka wanalipa. Waliowahi walilipwa. Wewe soma kwanza.

YA KUFANYA

1. Piga hesabu ya uzazi kabla ya hesabu ya faida. Dume mmoja anaweza kupanda majike 5 katika msimu mmoja. Kila jike akitaga mayai 6, hao ni makinda 30. Kama rangi ni ya jeni inayojitokeza hata ikitoka kwa mzazi mmoja, makinda 15 hivi wataibeba waziwazi, na madume kati yao hawatachelewa kupanda. Ndiyo maana rangi kama pastel ilishuka bei upesi. Jeni fiche, kama ya piebald, hudai wazazi wote wawili waibebe, kwa hiyo bei yake ilikawia kushuka. Ilikawia tu, haikuokoka. Kila anayenunua nyoka adimu ili amzalishe anapunguza uadimu aliolipia.

2. Kadiria kwa bei ya mwaka wa 4. Jike huchukua miaka 3 hivi kukomaa, na wafugaji makini humsubiri afike angalau gramu 1,500. Akishataga, mayai hukaa kwenye mashine ya kutotolea siku 55 hadi 60, kisha makinda walishwe kwa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa. Chukua mfano: umenunua kinda jike kwa dola 1,000, na bei ya rangi yake inapungua kwa theluthi kila mwaka. Baada ya miaka 3, kinda mwenye rangi hiyo hafiki hata dola 300, na mama yake umemlisha kila wiki muda wote huo. Hesabu ikikupa faida kwa bei ya leo tu, hiyo si faida.

3. Weka daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila panya, umeme wa kupasha joto, droo za plastiki, daktari wa mifugo, na ada ya meza kwenye maonyesho. Andika na nauli. Posta ya Marekani haipokei nyoka, kwa hiyo unalipia kampuni ya kusafirisha mizigo kwa usiku mmoja, na kwa kinda wa rangi ya kawaida nauli mara nyingi hupita bei yake mwenyewe. Andika pia saa zako. Wengi wanaojisifu kwamba wanapata faida hawajawahi kujilipa mshahara.

4. Lisha kabla ya kuuza. Kinda hupasua ganda, akatoa kichwa, akabaki ndani ya yai siku nzima au zaidi akimalizia kiini. Baada ya wiki moja au siku kumi hivi hujivua gamba kwa mara ya kwanza, ndipo unapomjaribu chakula. Unamyeyusha panya mdogo aliyegandishwa, unampasha kwenye maji ya moto, unamshika kwa koleo na kumtikisa taratibu mlangoni mwa maficho. Kinda mmoja atarukia, mwingine atazika kichwa ndani ya mikunjo yake na kukataa, leo na wiki ijayo. Usimlazimishe na usimuuze. Andika tarehe ya kila mlo, na umtoe akishakula mwenyewe mara 3 hadi 5 mfululizo. Soko likijaa, mnunuzi ana pa kuchagua, na swali lake la kwanza ni kama nyoka anakula.

5. Mtenge kila mgeni. Siku 90, chumba kingine, vyombo vingine. Chunguza utitiri: vidoa vyeusi vinavyotembea kandokando ya macho na chini ya kidevu, au vilivyozama kwenye bakuli la maji. Pimisha virusi vya nido, ambavyo hushambulia njia ya hewa. Bei inapoanguka hatari hii huongezeka, kwa sababu anayefunga shughuli huuza kundi zima kwa haraka, na ugonjwa huja pamoja na bei ya kutupa.

6. Soma sheria kabla ya katalogi. Mwaka 2012 serikali ya Marekani iliwaweka chatu wa Burma na chatu wakubwa wa Afrika kwenye orodha ya wanyama waharibifu, na mwaka 2015 ikaongeza wengine, akiwemo chatu mrefu wa Asia. Mwaka 2021 jimbo la Florida likakaza kanuni zake zaidi. Chatu mpira hakuguswa, lakini jiji lako au mkataba wa nyumba yako unaweza kumkataza. Tena yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori: havuki mpaka wa nchi bila karatasi.

YA KUTOFANYA

7. Usinunue wakati wa kelele. Mwaka 2020 na 2021 watu walifungiwa nyumbani na janga la korona, wakatafuta wanyama wa kufuga, na bei zikapanda. Wengi wakanunua majike wachanga. Majike hao walikomaa kwa pamoja miaka 2 au 3 baadaye, na kufikia Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulikuwa umegonga asilimia 9.1. Makinda wakaongezeka wakati uleule mnunuzi alipokuwa akihesabu senti za mkate na kodi ya nyumba. Aliyenunua kileleni aliuza bondeni.

8. Usiamini bei ya tangazo. Bei iliyoandikwa ni matumaini ya muuzaji. Fuatilia nyoka 20 wa rangi unayoitaka kwa miezi 3. Angalia nani kaondoka, nani kapunguzwa bei, na nani bado anapigwa picha ileile huku akiendelea kurefuka. Hao wa mwisho ndio soko lako halisi.

9. Usilipie jeni usiyoiona bila ushahidi. Ukipandisha wabebaji wawili wa jeni fiche, kati ya makinda wenye sura ya kawaida wawili katika kila watatu huwa wanaibeba. Hiyo ndiyo “asilimia 66” inayoandikwa kwenye matangazo. Ni bahati nasibu yenye mkia. Bei zikiwa juu watu huicheza, zikishuka nyoka huyo huuzwa kama wa kawaida. Siku hizi maabara hupima jeni kadhaa kwa kipande cha gamba alilojivua. Asiyetaka kupima, mlipe bei ya nyoka wa kawaida.

10. Usizalishe ulemavu kwa sababu unapendeza. Rangi iitwayo spider huja na kasoro ya neva: kichwa hutikisika, nyoka hulenga windo akakosa, na wengine hujipindua tumbo juu. Kasoro hiyo haitengani na jeni yenyewe, na hakuna kuchambua mbegu kutakakoiondoa. Iache.

11. Usimpandishe jike kwa sababu tu yupo. Hahitaji kuzaa ili awe na afya. Kuzaa humkondesha, kwa kuwa hukaa miezi bila kula. Na kinda asiyenunuliwa haondoki: chatu mpira huishi miaka 20 hadi 30 kwenye mikono mizuri. Mwaka 2020 bustani ya wanyama ya St. Louis ilitangaza kwamba jike wake, aliyekadiriwa kupita miaka 60, ametaga. Ukishindwa kuuza, huyo ndiye mpangaji wako.

12. Usimwachie porini. Chatu wa Burma wanaozaliana katika vinamasi vya Everglades, Florida, asili yao ni biashara hii hii, na wamewamaliza wanyama wadogo wengi wa huko. Sheria zilizofuata ziliwabana hata wafugaji waaminifu. Nyoka aliyekosa soko mgawie mtu anayejua kumtunza, au mpeleke kwenye kituo cha hifadhi.

13. Usitafute mbegu ya nyoka wengine nyumbani Afrika Mashariki kwa mlango wa nyuma. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Kenya, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, haimruhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali. Anayekuambia ana “mtu uwanja wa ndege” anakuuzia kesi.

14. Usikope, na usingoje bei za zamani zirudi. Rangi iliyokwishaenea haina sababu ya kupanda tena, maana majike wanaoizaa wapo na wataendelea kutaga kwa miaka mingi. Mchanganyiko mpya wa jeni 3 au 4 utapata bei nzuri kwa misimu michache, na faida yake itaangukia waliokuwa na mbegu tangu awali. Watakaobaki sokoni ni wenye nyoka wachache, wazima, wenye kumbukumbu kamili na jina safi, pamoja na wanaowauzia wengine panya na vifaa.

Basi panga idadi ya majike kwa kipimo kimoja: makinda unaoweza kuwalisha mwaka mzima bila kuuza hata mmoja. Waliozidi hapo, wauze sasa, kwa bei iliyopo.