Dondoo muhimu: Video ya helmeti isiyotikisika

Ukitoka Bunia kwa pikipiki kuelekea Komanda, mashimo hayakwepeki, basi anza na mkanda wa helmeti kabla ya programu ya kutuliza picha. Helmeti ikicheza kichwani, kamera itacheza zaidi. Funga kamera usawa wa kidevu, si utosini: kule juu upepo huisukuma na kila mtikisiko wa kichwa huongezeka.

Rekodi fremu 50 au 60 kwa sekunde, lenzi ikiwa pana kwa sababu kutuliza picha hukata kingo zake. Kasi ya shata mchana iwe 1/240 au zaidi. Picha iliyokwisha kupata ukungu wa mwendo haitengenezeki tena. Kamera za GoPro hujitulizia picha kwa HyperSmooth tangu HERO7 Black ya 2018, ila jioni huzidiwa na giza. Ukipendelea Gyroflow, programu ya bure ya kutuliza video (nami naipendelea), zima kwanza utulizaji wa kamera.

Futa vumbi jekundu kwenye lenzi kila unaposimama.

Mkoa wa Ituri, ambako Bunia na Komanda zipo, uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Kwa hiyo zima kamera kabla hujafika kwenye kizuizi cha askari.