Huduma za Duka na Huduma Dukani: Lugha, Sheria na Ununuzi wa Mtandaoni kwa Watu Wasioona

Utangulizi

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika juhudi za kuwawezesha watu wenye ulemavu, hasa wasioona, kuzitumia tovuti za maduka. Mara nyingi suala hili huachiwa wanasheria na wataalamu wa tarakilishi, kana kwamba mwanaisimu hana lake humo. Ilhali likichambuliwa kwa makini, hudhihirika kuwa kiini chake ni maneno: maneno ya sheria kwa upande mmoja, na maneno yaliyofichwa nyuma ya picha na vitufe kwa upande wa pili. Mfano mkuu unatoka Marekani, kwa kuwa huko ndiko mahakama ilikolazimika kuamua, kwa kutegemea kihusishi kimoja, iwapo duka linawajibika kwa mnunuzi ambaye hajatia mguu mlangoni mwake.

Kesi ya Target

Mtu asiyeona hutumia tarakilishi kwa msaada wa programu ya kusoma skrini. Miongoni mwa programu hizo ni JAWS, iliyoanza mwaka 1989, na NVDA, iliyoanza mwaka 2006 na ambayo hutolewa bure. Kazi yake ni kugeuza matini kuwa sauti au nukta za Breli, nayo hutegemea kile kilichoandikwa katika msimbo wa ukurasa. Picha isipokuwa na matini mbadala, yaani maelezo mafupi yaliyofichwa nyuma yake, aghalabu msikilizaji huambulia jina la faili tu: mseto wa herufi na tarakimu usiomwambia kama kilichopo ni sufuria au viatu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa malalamiko dhidi ya kampuni ya maduka ya Target. Mnamo Februari 2006, Shirikisho la Kitaifa la Wasioona la Marekani, pamoja na mwanafunzi mmoja asiyeona wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifikisha kesi mahakamani. Walidai kuwa picha za tovuti ya duka hilo hazikuwa na matini mbadala, na kwamba ununuzi haungeweza kukamilishwa pasipo kutumia kipanya. Kipanya humtaka mtu aone mshale unapoelekea. Kwa hiyo mnunuzi asiyeona angeweza kuchagua bidhaa kwa taabu, kisha akwame kwenye hatua ya kulipa, sawa na mteja aliyefikisha bidhaa zake kwa mpokea fedha akakuta pamefungwa.

Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 1990, wakati ambapo ununuzi wa mtandaoni haukuwa jambo la kawaida. Inakataza ubaguzi katika kufurahia bidhaa na huduma za mahali palipo wazi kwa umma. Target ilijitetea kuwa sheria hiyo inahusu majengo, na kwamba hapakuwa na mtu asiyeona aliyezuiwa kuingia katika duka lake lolote. Septemba 2006, Jaji Marilyn Hall Patel aliukataa utetezi huo kwa sehemu kubwa. Hoja yake ilikuwa ya kisarufi: sheria inazungumzia huduma za mahali, haizungumzii huduma zinazotolewa ndani ya mahali tu.

Mwanafunzi wa Kiswahili ataitambua tofauti hiyo mara moja, pengine kwa urahisi kuliko wanasheria waliokuwa wakibishana. Lugha hii ina a-unganifu inayoonyesha umilikaji au uhusiano, kama katika 'huduma za duka'. Pia ina kiambishi tamati -ni cha mahali, pamoja na ngeli tatu za mahali, hata mtu aweza kusema 'huduma zitolewazo mle dukani' na asiache shaka yoyote kuwa anazungumzia ndani. Anayesema 'za duka' ametaja mwenye huduma. Anayesema 'mle dukani' ametaja zinakopatikana. Target ilitaka kifungu kisomwe kana kwamba kimeandikwa kwa namna hiyo ya pili. Hata hivyo, jaji hakulifungua lango lote: madai yaliruhusiwa kuendelea pale tu tovuti ilipofungamana na maduka yenyewe, na yale yasiyo na mfungamano huo yalitupwa. Oktoba 2007 kesi ilikubaliwa kuwa ya kundi, na Agosti 2008 pande mbili zikapatana. Target ilikubali kuirekebisha tovuti na kutenga hazina ya dola milioni 6 kwa walalamikaji wa California, bila kukiri kosa.

Mjadala haukuishia hapo. Januari 2019 mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi wa mwelekeo huohuo katika kesi ya mtu asiyeona aliyeshindwa kuagiza piza ya Domino's kwa tovuti na kwa programu ya simu. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuusikiliza upinzani wa kampuni hiyo. Kwa upande mwingine, mwaka 2021 mahakama nyingine ya rufaa, ikishughulikia maduka ya Winn-Dixie, iliamua kuwa tovuti si mahali. Uamuzi huo ulifutwa kabla ya mwaka kwisha.

Nchini Kenya, Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataja mahali na habari kando kando miongoni mwa vitu ambavyo mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuvifikia. Ufafanuzi huo unaupunguza ubishi wa 'za' na '-ni', kwa kuwa tovuti ya duka, hata isipohesabiwa kuwa mahali, haikosi kuwa habari.

Kiswahili Masikioni

Swali linalobaki ni nini hasa husikika tovuti inapokuwa ya Kiswahili. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2008 na la 2.2 mwaka 2023, inataka lugha ya ukurasa itajwe katika msimbo. Kwa Kiswahili, alama yake ni 'sw'. Ni herufi mbili tu, lakini zikisahaulika na ukurasa ukatambulishwa kuwa wa Kiingereza, programu itayasoma maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Irabu ya mwisho humezwa na mkazo huhama kutoka silabi ya pili kutoka mwisho. Neno 'pete' katika duka la vito linaweza kutamkwa 'piti' pasipo irabu ya mwisho, kama jina la Mwingereza. Sauti ya Kiswahili si kwamba haipo: eSpeak NG, programu huria inayotumiwa na NVDA, inakijua Kiswahili. Inangoja kuambiwa tu.

Tatizo la pili ni la kimofolojia. Kiswahili hupenda kukiwakilisha kitu kwa kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. Kitufe kilichoandikwa 'Iondoe' kando ya picha ya sabuni kinamtosha anayeona. Asiyeona anaweza kuamrisha programu imsomee vitufe pekee, naye husikia 'Iondoe, Iondoe, Yaondoe, Iondoe'. Atajua ngeli, lakini hatajua kitu. Hapana budi nomino irejeshwe: 'Ondoa sabuni kikapuni', 'Ondoa mafuta kikapuni'. Hali kadhalika 'Bofya hapa': 'hapa' ni kionyeshi, na kionyeshi humhitaji mtu anayeona kinachoonyeshwa.

Tafsiri mbovu nazo humuumiza zaidi asiyeona. Mfasiri akiandika 'Okoa' badala ya 'Hifadhi', anayeona huokolewa na kijipicha kilicho kando. Mwenzake hana ila neno lenyewe. Vivyo hivyo kwa maagizo yanayotegemea rangi, kama vile 'bidhaa zenye alama nyekundu zimekwisha', ambayo pia humtatiza mtu asiyetofautisha rangi. Kwa viziwi, upungufu huwa katika video za matangazo zisizo na maandishi wala Lugha ya Ishara ya Kenya.

Uwanja huu unafaa kwa mradi wa utafiti wa shahada ya kwanza. Mtafiti anahitaji tarakilishi yenye NVDA na tovuti moja ya duka. Na azime skrini, aweke kipanya kando, kisha ajaribu kununua kilo mbili za unga wa mahindi kwa kibodi na masikio pekee, akirekodi kila neno linalotamkwa hadi malipo yakubaliwe au njia ifungike. Rekodi hiyo ndiyo data yake: maneno yapi yalikuwepo, yapi yalitamkwa visivyo, na ni pahali gani palikuwa kimya.