Somo la 6: Mtoto na Furushi Lake la Asubuhi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Samweli 2:18, 19, 3:1–15, Kutoka 16:14–26, Wagalatia 6:2–5, Hosea 11:1–4, Marko 1:35.

Fungu la kukariri: Wagalatia 6:5. Lisome katika Biblia yako, kisha mfundishe mtoto wako.

Katika mkoa wa Mara jua huchelewa kuchomoza. Saa kumi na mbili asubuhi mjini Musoma giza halijaisha, lakini nyumba zenye wanafunzi zimekwisha kujaa kelele. Mama anaita jina moja kwa mara ya nne. Kiatu kimoja hakionekani. Daftari la hisabati limebaki kwa jirani. Mwishowe ni mama anayetafuta kiatu, anayefunga vifungo na kupanga begi. Mtoto anatoka mlangoni amevishwa na kulishwa, ila hajafanya jambo hata moja kwa akili yake mwenyewe. Kesho yake mambo ni yale yale.

Jambo hili si dogo. Mtoto asiyejua kuianza siku bila kusukumwa atafanyaje siku atakapokuwa bweni, chuoni au mjini, mahali ambapo hakuna wa kumwita? Ni nani atakayemwamsha aombe? Juma hili tunajifunza namna Mungu anavyowalea watoto wake mpaka waweze kusimama, na namna mzazi anavyoweza kumfuata katika kazi hiyo.

JUMAPILI: Hana Alishona, Samweli Alifungua

Soma 1 Samweli 2:18, 19 na 3:1–15. Kazi ya Hana ilikuwa ipi? Kazi ya Samweli ilikuwa ipi?

Kila mwaka Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea huko Shilo. Eli naye alimfundisha. Lakini fungu la 15 linataja jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kulipokucha, Samweli aliifungua milango ya nyumba ya Bwana. Usiku ule alikuwa amepewa ujumbe mzito, na alikuwa na hofu ya kumweleza Eli. Hata hivyo aliamka akafanya kazi yake ya kila siku.

Hana hakwenda Shilo kufungua milango, wala Samweli hakuachiwa ajishonee kanzu. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Tena kazi ya mtoto ilikuwa kazi ya kweli. Mtoto hutambua upesi akipewa kazi ya kumpumbaza tu, na hutambua pia akipewa kazi ambayo watu wanaitegemea.

Kwa kutafakari: Ni “mlango” gani nyumbani mwako ambao mtoto wako angeweza kuufungua mwenyewe kila asubuhi?

JUMATATU: Asubuhi Huanza Jioni

Soma Kutoka 16:14–26. Kwa nini mana iliokotwa asubuhi, na kwa nini siku ya sita ilikuwa tofauti?

Kila Mwisraeli aliokota kwa kadiri ya ulaji wake. Jua lilipokuwa kali, mana iliyosalia chini iliyeyuka. Siku ya sita watu walioka na kutokosa mapema, ili Sabato iwakute wamekwisha kuwa tayari.

Nyumba ya Mwadventista inaifahamu sana kanuni hii. Viatu vya kanisani hupigwa kiwi Ijumaa kabla ya jua kuzama, nguo hunyooshwa, na Biblia na lesoni huwekwa mahali pamoja. Yanayofanyika Ijumaa yanaweza kufanyika Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu. Sare ikiwa imefuliwa na kutundikwa, begi likiwa mlangoni, viatu vikiwa pamoja na soksi zake, kazi ya asubuhi hupungua nusu, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuimaliza bila kupigiwa kelele.

Tena kuna somo katika mana iliyoyeyuka. Bwana hakumfuata mchelewaji hemani akiwa na kikapu, lakini kesho yake mana mpya ilikuwepo. Mtoto aliyesahau rula ajifunze kuazima na kumweleza mwalimu. Ila mzazi awe na busara. Katika shule nyingi mtoto anayechelewa huadhibiwa mstarini, na si vema kumwachia mtoto wa miaka sita adhabu hiyo ili tu ajifunze. Mwache apate hasara ndogo anayoweza kuibeba, na kabla ya kuanza mafunzo haya zungumza na mwalimu wake wa darasa.

JUMANNE: Mizigo na Furushi

Soma Wagalatia 6:2–5. Paulo anawezaje kusema tubebeane mizigo, kisha aseme kila mtu abebe furushi lake?

Paulo anatumia maneno mawili tofauti. Mizigo ni yale yanayomwelemea mtu. Furushi ni lile linalomfaa mwenyewe kulibeba, kama mwanafunzi na begi lake. Mzazi hukosea kwa njia mbili.

Wa kwanza hubeba furushi la mtoto, akamfanya mdhaifu. Wa pili humtwika mtoto mzigo wa watu wazima. Kuna nyumba ambamo binti wa miaka kumi huamka saa kumi usiku, akachota maji, akaosha vyombo, akafagia uwanja, akapasha uji na kumvisha mdogo wake, huku kaka yake wa miaka kumi na miwili amelala. Msichana huyo hufika darasani amechoka, na wengine husifu kwamba anajua kujitegemea. Lakini kujitegemea si huko. Huyo amebebeshwa mzigo wa wengine, na kaka yake ameibiwa furushi lake.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataja kwamba mtoto ana wajibu kwa familia yake. Sheria hiyo hiyo inakataza kumpa mtoto shughuli inayodhuru afya yake, elimu yake au ukuaji wake. Mizani hiyo inakubaliana na Paulo. Mvulana ana mikono kama dada yake: atandike kitanda, aoshe kikombe chake, achote maji zamu yake.

JUMATANO: Mvulana wa Butiama

Mwaka 1934 mvulana wa miaka 12 hivi alitoka Butiama kwenda kuanza shule ya bweni Mwisenge, Musoma, umbali wa kilomita 40 hivi. Nyumbani alikuwa amechunga mifugo. Huko bweni mama yake, Mgaya wa Nyang’ombe, hakuwepo kumwamsha. Mvulana huyo ni Julius Nyerere, ambaye baadaye taifa lilimwita Mwalimu.

Mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea. Humo aliuliza kama kweli kuna haja ya shule kuajiri wafagiaji na watunza bustani, ilhali wanafunzi wana mikono. Alitaka wanafunzi washiriki pia katika kupanga na kuamua, si kutii amri peke yake. Hapo wazazi wengi hukwama. Humpa mtoto kazi, lakini hawampi nafasi ya kupanga. Mwulize mtoto, “Utaanza na lipi asubuhi?” Akijibu mwenyewe, atalikumbuka zaidi kuliko amri kumi.

Soma Mithali 6:6–8. Sulemani anasema chungu hana msimamizi. Hilo linafundisha nini kuhusu mtoto anayefanya kazi asipoangaliwa?

ALHAMISI: Kumshika Mikono

Soma Hosea 11:1–4. Mungu alimfundishaje Efraimu kutembea?

Mungu hakumweka mtoto chini akaondoka. Wala hakumbeba mgongoni maisha yake yote. Alimfundisha kutembea, mikono yake ikiwa karibu.

Ukaribu huo hutofautiana na mahali. Bunda mjini barabara kuu ya Mwanza hupitisha mabasi na malori, na mtoto mdogo hafai kuivuka peke yake kungali giza. Vijijini kuelekea Serengeti tembo huingia mashambani usiku. Kando ya ziwa kuna mamba na viboko. Kwa hiyo mtoto apewe uhuru wa kuvaa, kula na kupanga begi, lakini njiani aende na wenzake au na mtu mzima mpaka akue. Hatua huenda hivi: kwanza mzazi afanye mtoto akiona, kisha wafanye pamoja, kisha mtoto afanye mzazi akiwa karibu, mwishowe afanye peke yake. Hatua moja yaweza kuchukua majuma kadhaa.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika kitabu chake kuhusu elimu, kilichochapwa mwaka 1903, Ellen White alieleza kwamba kusudi la nidhamu ni kumzoeza mtoto kujitawala mwenyewe. Kelele za asubuhi haziwezi kulifikia kusudi hilo, kwa sababu zikinyamaza, mtoto naye husimama.

Yesu aliamka alfajiri na mapema akaenda kuomba mahali pa faragha (Marko 1:35). Hakuna aliyemwita, wanafunzi wake ndio waliokuja kumtafuta. Familia ikutane kwa Kesha la Asubuhi, lakini mtoto awe pia na dakika zake mbili za kuomba kwa maneno yake mwenyewe. Hilo ndilo furushi ambalo hakuna mzazi awezaye kumbebea.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, katika nyumba za washiriki wa darasa lenu, wavulana na wasichana wana kazi sawa asubuhi? Kama sivyo, ni nini kibadilike juma hili?

2. Mzazi anayetoka alfajiri kwenda sokoni au mwaloni atamfundishaje mtoto wake, ikiwa hayupo asubuhi?

3. Ni lini kumsaidia mtoto ni upendo, na ni lini ni haraka ya mzazi tu?

4. Kanisa lenu laweza kufanya nini kwa watoto wanaokwenda shule peke yao kungali giza?