Fizi zimekuwa nyeusi, nguvu zimeniisha

*Daktari, nilimaliza dawa za kifua kikuu mwaka jana. Sasa nakonda, nachoka, na nikisimama naona kizunguzungu. Fizi na mistari ya viganja imekuwa myeusi, na chumvi naitamani kila saa. Je, TB imerudi? – Msomaji, Morogoro*

Ndugu msomaji, pole sana. Vipimo vya TB virudiwe, lakini weusi huo pamoja na hamu ya chumvi vinanifanya nishuku tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo. Kifua kikuu huweza kuziharibu, zikashindwa kutoa kotisoli na homoni inayotunza chumvi mwilini. Ndipo presha hushuka.

Nenda hospitali ya rufaa wiki hii, upimwe kotisoli ya asubuhi, sodiamu, potasiamu na sukari. Tiba ipo: vidonge vya haidrokotisoni kila siku, mara nyingi kwa maisha yote. Ukishaanza, usiviache ghafla kamwe. Ukipata homa, daktari atakuongezea dozi.

Ukitapika mfululizo, ukazimia au kuchanganyikiwa, usisubiri miadi. Kimbilia idara ya dharura na uwaambie wanaokupokea kuhusu tezi hizi. Sindano ya haidrokotisoni na dripu ya maji ya chumvi huokoa maisha.